Kuongoza Seli Ndani ya Mfereji Mwembamba

Katika mililita 1 ya damu ya mtu mwenye saratani iliyokwisha kuenea mna chembe nyekundu takriban bilioni 5 na nyeupe milioni kadha wa kadha, na katikati ya umati huo huelea seli za uvimbe, aghalabu zisizofika hata 10, ambazo ndizo tabibu azitamaniye, kwa kuwa ndizo zichukuazo maradhi toka kiungo hiki hadi kile. Kuzisaka kwa hadubini moja moja ni taabu isiyo kikomo. Kwa hiyo wastadi wa maabara huipitisha damu katika mifereji iliyochongwa ndani ya kipande cha kioo au plastiki, upana wake ukikaribia ule wa unywele, humo mkondo usipate wasaa wa kuvurugika bali uende tabaka kwa tabaka, na kila seli ifuate tabaka lake mpaka itokee nguvu ya kuihamisha.

Wako watumiao umeme kwa kazi hiyo, na wako watumiao mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu, nami siwabezi. Lakini ustadi ulio bora machoni pangu ni ule usioazima nguvu yoyote ghairi ya mwendo wa maji yenyewe. Asili yake ni jaribio ambalo Segré na Silberberg walilitangaza mwaka 1961: vitufe vidogo, vilivyoingia bombani vimetawanyika ovyo, baada ya safari vilionekana vimejipanga duara, kutoka kitovu cha bomba sehemu 6 katika 10 za masafa ya kuufikia ukuta. Mkondo, ambao kasi yake ni kubwa katikati na haba kandoni, hukisukuma kitufe nje. Ukuta, kikiukaribia, hukirudisha ndani. Na mahali nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo kishikapo njia. Nguvu yenyewe haina insafu, maana kwa hesabu iliyozoeleka seli yenye kipenyo maradufu husukumwa kwa nguvu mara 16 ya ile ya mwenziwe.

Hata hivyo ukubwa peke yake hautoshi, kwani baadhi ya chembe nyeupe hulingana na seli za saratani kwa umbo. Ndiyo sababu chombo kilichotangazwa mwaka 2013 na wataalamu wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, kina hatua tatu: msitu wa nguzo ndogo mno huzibagua chembe nyekundu zikatoka kwa mlango wao; mfereji wa kupindapinda huzipanga zilizobaki mstari mmoja; kisha sumaku huzivuta kando chembe nyeupe, zilizokwisha kubandikwa vishanga vya sumaku, na kwa kuwa zote huanzia mstari huo mmoja, mvuto mdogo watosha. Seli za saratani hutoka hazikutiwa alama yoyote, zingali hai. Na mwaka 2014 baadhi ya zile zilizopatikana katika damu ya wagonjwa wa saratani ya matiti zilioteshwa maabarani, dawa mbalimbali zikajaribiwa juu yake.