Kifaa cha Kwanza cha Kusikia: Soko la Marekani Baada ya Kanuni ya 2022

Mtu ambaye usikivu wake umepungua kidogo huzisikia sauti zote za sebuleni, ila maneno humponyoka. Irabu humfikia bila shida. Zinazopotea kwanza ni konsonanti nyembamba kama s, f na t, hata "saa sita" na "saa tisa" zikamchanganya, hasa penye kelele. Shirika la Afya Duniani huuita upungufu huo mdogo pale ambapo sikio lililo zima zaidi huanza kusikia kati ya desibeli 20 na 35. Ripoti yake ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kiwango fulani, na wengi wao wamo katika kundi hili la chini.

Kwa miaka mingi kundi hilo lilikuwa mteja mgumu kwa wafanyabiashara. Utengenezaji wa vifaa vya kusikia kwa sehemu kubwa umeshikwa na kampuni tano: Sonova ya Uswisi, Demant na GN za Denmark, Starkey ya Marekani, na WS Audiology iliyozaliwa mwaka 2019 kwa muungano wa Sivantos na Widex. Nchini Marekani bidhaa zao zilipitia kwa wataalamu wa usikivu, na jozi moja ingeweza kugharimu dola 4,000 au zaidi. Bei hiyo ilibeba kifaa, kipimo, marekebisho na ziara za baadaye, vyote katika ankara moja, kiasi kwamba mnunuzi hakujua analipia nini. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kwa kawaida hailipii vifaa hivyo. Asiyeumia sana aliahirisha, mwaka hadi mwaka.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulifungua soko hilo mwaka 2017. Kanuni ya kuitekeleza, ya mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilianza kutumika tarehe 17 Oktoba 2022. Tangu siku hiyo mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayejiona na upungufu mdogo au wa kati, anaweza kununua kifaa dukani au mtandaoni bila cheti wala uchunguzi. Sony, Jabra na Lexie ziliingia mapema kwa bei za kati ya dola mia kadhaa na zaidi ya elfu moja. Septemba 2024 FDA iliidhinisha programu ya Apple inayogeuza AirPods Pro 2, zilizouzwa dola 249, kuwa kifaa cha kusikia. Hizo zinafaa kwa mkutano au chakula cha jioni hotelini. Kwa kuvaliwa kutwa hazitoshi, kwa sababu huziba sikio na betri yake hudumu saa chache tu.

Kuziba sikio ndilo jambo linalostahili kuangaliwa kuliko yote. Mwenye upungufu mdogo mara nyingi bado anasikia vizuri sauti nzito, hivyo sikio lake linapaswa kuachiwa njia. Likizibwa, sauti yake mwenyewe humvumia kichwani kama anayesemea ndani ya mtungi, na wengi huvua kifaa kwa sababu hiyo tu. Ndiyo maana umbo linalowafaa wengi ni lile linalokaa nyuma ya sikio, lenye waya mwembamba unaoishia kwenye kispika kidogo kilichovishwa kofia laini ya silikoni yenye matundu. Vifaa vinavyozama ndani ya sikio havionekani, lakini si vyote vinavyoacha njia hiyo.

Vifaa vingine huja na mipangilio michache iliyokwisha kuwekwa kiwandani. Vingine humpima mvaaji kupitia simu janja, kisha hujirekebisha. Aina hii ya pili ina thamani zaidi, kwa kuwa hakuna masikio mawili yaliyopungua sawasawa. Hata hivyo, mtaalamu ana kipimo ambacho simu haina: huingiza mrija mwembamba karibu na kiwambo cha sikio na kusoma sauti inayofika pale. Anayeweza kulipia huduma hiyo hapotezi fedha. Upande wa betri, za kuchaji humwondolea mzee kazi ya kushika vidonge vidogo vya zinki, ambavyo huanza kufanya kazi vikibanduliwa karatasi na huisha baada ya siku chache.

Duka halimchunguzi mtu. Usikivu uliopotea ghafla, uliopungua upande mmoja tu, au unaoandamana na usaha, damu, maumivu au kizunguzungu ni wa kupelekwa kwa daktari kabla ya ununuzi wowote. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyoganda, na kusafishwa kunatosha. Vikuza sauti vya bei ya chini visivyosajiliwa kama vifaa vya kusikia navyo viachwe.

Ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzoea tena sauti za maji bombani na karatasi zinazokunjwa. Hivyo nafasi ya kukijaribu kifaa na kukirudisha ina uzito. Lakini kanuni ya 2022 haimlazimishi mtengenezaji kupokea kifaa kilichorudishwa; inamtaka tu aeleze utaratibu wake kwenye boksi. Maandishi hayo yasomwe kabla ya kulipa. Kwa jozi ya kwanza, muuzaji asiyetoa walau mwezi mmoja wa kujaribu na kurudisha hafai, hata bei yake ikiwa ya chini kuliko wote.