Utungo mmoja wa fidla ulivyofunika kazi nyingine za Max Bruch

MNAMO Novemba 1931, kijana wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 15, Yehudi Menuhin, alisimama mbele ya maikrofoni jijini London akiwa na fidla yake begani. Nyuma yake waliketi wanamuziki wa London Symphony Orchestra, wakiongozwa na Sir Landon Ronald. Utungo uliowakutanisha ulikuwa Koncheto ya Kwanza ya Fidla ya Mjerumani Max Bruch. Hiyo ndiyo koncheto ya kwanza ambayo Menuhin aliirekodi maishani mwake.

Rekodi hiyo ilijaza pande sita, yaani santuri tatu za gramafoni. Upande mmoja wa santuri za siku hizo ulibeba muziki wa dakika nne au tano hivi, kwa hivyo aliyetaka kuusikia utungo wote ilimbidi ainuke mara kwa mara kuzigeuza na kuzibadilisha. Hata hivyo, watu walizinunua, na hadi leo rekodi hiyo ya kijana yule inaendelea kutolewa upya.

Tangu hapo ni wapigaji fidla wachache mashuhuri ambao hawakuurekodi utungo huo. Nchini Uingereza, wasikilizaji wa redio ya Classic FM waliuchagua kuwa muziki waupendao kuliko mwingine wote kwa miaka mitano mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2000. Lakini mwombe mmoja wa mashabiki hao akutajie kazi nyingine tatu za Bruch, na yamkini atabaki akikuna kichwa.

Ilhali Bruch, aliyezaliwa mjini Cologne mnamo Januari 6, 1838 na kuaga dunia jijini Berlin mnamo Oktoba 2, 1920, aliandika koncheto tatu za fidla, simfoni tatu, opera, kazi kubwa za kwaya na tungo nyingi za ala mbalimbali. Makala haya yanaeleza jinsi kazi moja ilivyozimeza nyingine, na jinsi biashara ya santuri ilivyochangia hali hiyo kabla ya kuanza kuirekebisha.

Kwa msomaji asiyezoea istilahi hizi, koncheto ni utungo ambamo ala moja hujibizana na okestra nzima, mithili ya malenga mmoja anayelumbana na ukumbi mzima. Bruch alikuwa wa mkondo wa ulimbwende, uliotawala muziki wa Ulaya katika karne ya 19 na kuyapa hisia za moyo nafasi ya kwanza. Ama kuhusu yule anayesimama mbele ya wanamuziki akiwa na kijiti mkononi, nitamwita kiongozi wa okestra. Nikimwita kondakta, msomaji wa Nairobi atadhani nazungumzia nauli ya matatu.

Bruch mwenyewe aliiongoza Koncheto ya Kwanza ilipochezwa kwa mara ya kwanza mjini Koblenz mnamo Aprili 24, 1866. Hakuridhika nayo. Aliirudia upya kwa msaada wa Joseph Joachim, mpigaji fidla aliyeheshimika kuliko wengi wa enzi yake, na Joachim ndiye aliyeipiga katika sura yake mpya mjini Bremen mnamo Januari 1868. Bruch alikuwa na shaka hata kuhusu jina, akijiuliza iwapo kazi hiyo haikustahili kuitwa fantasia, kwa kuwa sehemu ya kwanza ni kama utangulizi tu unaoingia moja kwa moja katika sehemu ya pili bila pumziko. Joachim ndiye aliyemtuliza.

Na sehemu hiyo ya pili ndiyo siri ya umaarufu wote huu. Fidla inaanza kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu anayesimulia jambo alilolificha kwa muda mrefu. Wimbo unapanda hatua kwa hatua, unarudi nyuma kana kwamba umeghairi, kisha unapanda tena. Hauhitaji elimu ya muziki kuuelewa. Sehemu ya tatu inageuka kuwa ngoma yenye mahadhi ya Kihungaria, na utungo mzima unakwisha katika muda wa dakika 25 hivi.

Msomaji angedhani kwamba kazi kama hiyo ilimtajirisha mtunzi wake. La hasha! Bruch alimuuzia mchapishaji haki zake kwa malipo ya mara moja ya thaler 250, bila mirabaha. Utungo ulienea katika kumbi za Ulaya na Marekani, na mtunzi akabaki kuusikia ukisifiwa. Wanaofuatilia masaibu ya wanamuziki wa humu nchini waliouza nyimbo zao kwa kitita cha siku moja, kisha wakazisikia zikipigwa redioni kwa miongo kadhaa, hawatahitaji maelezo zaidi.

Kilichomkera Bruch zaidi ya fedha ni kwamba kila mpigaji fidla aliyemjia alitaka kumpigia koncheto hiyo hiyo. Alilalamika waziwazi kwamba zile mbili nyingine hazikuwa duni, na akawahimiza wazipige hizo.

Alibaki na muswada wake wa asili. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akiwa mzee na mhitaji, aliwakabidhi muswada huo dada wawili wa Kimarekani, Rose na Ottilie Sutro, ambao walikuwa wapigaji piano. Makubaliano yalikuwa kwamba wangeuuza Marekani na kumtumia fedha. Bruch alifariki kabla ya kupata chochote. Hatimaye familia yake ililipwa kwa noti za Kijerumani ambazo mfumuko wa bei ulikuwa umezigeuza karatasi tupu, na wakati huo wote muswada ulikuwa ungali mikononi mwa dada hao. Waliuuza mnamo 1949. Tangu 1968 umehifadhiwa katika Maktaba ya Morgan jijini New York.

Dada hao hao walikuwa wameandikiwa na Bruch koncheto ya piano mbili. Waliibadilisha watakavyo na kuicheza jijini Philadelphia mnamo 1916 katika sura ambayo mtunzi hakuikusudia. Ottilie alipofariki mnamo 1970 na mali yake kupigwa mnada, nota za asili zilipatikana miongoni mwa makaratasi yake. Mpigaji piano Nathan Twining, aliyezinunua, alishirikiana na mwenzake Martin Berkofsky kuurudisha utungo katika hali yake ya awali, na katika miaka ya 1970 wakaurekodi pamoja na London Symphony Orchestra chini ya Antal Doráti. Hapa, basi, rekodi ilimtendea Bruch haki ambayo hakuipata alipokuwa hai.

Turejee kwenye fidla. Wapigaji wawili waliozifahamu kazi za Bruch kutoka kinywani mwa mtunzi mwenyewe, Joachim na Mhispania Pablo de Sarasate, waliishi hadi enzi ya santuri. Joachim alirekodi mnamo 1903 na Sarasate mnamo 1904. Mashine za wakati huo zilinasa sauti kwa pembe bila umeme na kwa dakika chache mno, hivyo wazee hao walichagua vipande vifupi, na hakuna hata kimoja cha Bruch. Kwa mtazamo wangu hiyo ni hasara kubwa kuliko zote katika kisa hiki. Koncheto ya Pili iliandikwa kwa ajili ya Sarasate, ambaye aliipiga kwa mara ya kwanza jijini London mnamo Novemba 1877 huku Bruch akiiongoza okestra. Koncheto ya Tatu, ya mwaka wa 1891, alitunukiwa Joachim.

Santuri kubwa zinazozunguka polepole zilipoanza kuuzwa Marekani mnamo 1948, upande mmoja uliweza kubeba zaidi ya dakika 20. Ingetarajiwa kwamba nafasi hiyo mpya ingewafungulia mlango wale ndugu wawili waliosahaulika. Mambo yalikwenda kinyume. Koncheto ya Kwanza ya Bruch ilienea barabara upande mmoja, nayo koncheto maarufu ya fidla ya Felix Mendelssohn ikaenea upande wa pili. Kampuni za santuri ziliozesha kazi hizo mbili, na ndoa hiyo haijavunjika hadi leo. Anne-Sophie Mutter alipokuwa na umri wa miaka 17 mnamo 1980, aliwarekodi wawili hao pamoja na Berlin Philharmonic chini ya Herbert von Karajan. Ni rekodi nzuri, yenye sauti nene na ya fahari, ingawa kwa masikio yangu okestra inameremeta kupita kiasi.

Mnunuzi alipata majina mawili ayajuayo kwa bei ya santuri moja. Koncheto ya Pili ingemlazimu muuzaji kueleza, na wauzaji hawapendi kueleza.

Aliyekataa kufuata mkumbo huo kwanza alikuwa Jascha Heifetz. Mnamo 1947 aliirekodi Fantasia ya Kiskoti, ambayo Bruch aliimaliza mnamo 1880 kwa kutumia nyimbo za jadi za Uskoti alizozipata katika mikusanyo iliyochapishwa. Humo kinubi kinaisindikiza fidla karibu kila mahali, kama mpiga zeze aliyeketi kando ya mwimbaji. Mnamo 1954 Heifetz akairekodi Koncheto ya Pili, na mnamo 1961 akairudia Fantasia jijini London pamoja na Sir Malcolm Sargent. Heifetz hupiga kwa kasi na ukali; kuna wanaosema hana huruma. Anayetaka upole zaidi na amsikilize David Oistrakh katika Fantasia hiyo hiyo, aliyoirekodi mnamo 1962 na London Symphony Orchestra chini ya Jascha Horenstein. Kyung-Wha Chung wa Korea Kusini aliiunganisha Fantasia na Koncheto ya Kwanza katika santuri ya mwaka wa 1972, okestra ikiongozwa na Rudolf Kempe. Mtu akiniuliza anunue ipi kwanza, hii ndiyo ninayomtajia.

Hata hivyo, ilibidi kungoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo Mwitaliano Salvatore Accardo alipozirekodi kazi zote za Bruch za fidla na okestra, pamoja na okestra ya Gewandhaus ya Leipzig na kiongozi wake Kurt Masur. Kwa mara ya kwanza msikilizaji wa kawaida aliweza kuziweka koncheto tatu mbele yake na kujiamulia.

Hukumu yangu ni hii. Malalamiko ya Bruch yalikuwa na ukweli nusu. Koncheto ya Tatu ni ndefu mno. Sehemu yake ya kwanza ina nguvu lakini inarudia hoja zake kama wakili asiyeamini kwamba hakimu amemsikia. Ya Pili ni suala jingine. Inaanza kwa sehemu ya taratibu, jambo lisilo la kawaida katika koncheto, na huzuni yake ni nzito kuliko ile ya Koncheto ya Kwanza. Ikipigwa vizuri, humfanya mtu ashangae ni kwa nini imefungiwa kabatini.

Nje ya fidla, kazi moja pekee ya Bruch ndiyo iliyokwepa kusahaulika, nayo ni Kol Nidrei ya chelo na okestra, iliyochapishwa mnamo 1881. Imejengwa juu ya wimbo wa sala ambayo Wayahudi huimba usiku wa kuamkia Siku ya Upatanisho. Kutokana na kazi hiyo wengi wamedhani kwamba Bruch alikuwa Myahudi, alikuwa Mprotestanti. Rekodi ya Pablo Casals ya mwaka wa 1936, aliyoifanya London na yule yule Landon Ronald aliyemwongoza kijana Menuhin, ina mikwaruzo ya kizamani, lakini chelo yenyewe inasikika kama sauti ya mtu.

Siku hizi hakuna haja ya kugeuza santuri wala kungoja meli ilete CD kutoka ng'ambo. Jack Liebeck wa Uingereza amezirekodi koncheto zote tatu na Fantasia pamoja na BBC Scottish Symphony Orchestra chini ya Martyn Brabbins, na mitambo ya intaneti inazo pia rekodi za Accardo na za Heifetz. Tatizo ni kwamba ukiandika jina la Bruch, Koncheto ya Kwanza ndiyo hujitokeza kurasa na kurasa. Itakulazimu kuandika nambari ya kazi unayoitaka: 44 kwa Koncheto ya Pili, 46 kwa Fantasia. Na ukizimaliza hizo, andika 83. Utapata vipande vinane vya klarineti, viola na piano, ambavyo mtunzi alimwandikia mwanawe Max Felix, mpigaji klarineti, mnamo 1910 akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70. Humo hakuna fidla kabisa.