Wanyika Wote Si Wamoja

Juzi jioni, karibu na kivuko hapa Mbita, redio ya duka moja ilikuwa ikitoa wimbo "Sina Makosa", na vijana wangu wawili wa sekondari wakaanza kubishana. Mmoja alishikilia kwamba hao ni Simba Wanyika. Mwenzake akaapa kuwa ni Les Wanyika. Nikaitwa mimi, mwalimu wao wa Kiswahili, niamue. Wa pili alikuwa na haki. Hata hivyo, kosa la wa kwanza nalielewa.

Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walitoka Tanga, ambako walipigia bendi ya Jamhuri Jazz. Wakapitia Arusha, wakavuka mpaka, na mwaka 1971 wakaunda Simba Wanyika mjini Mombasa. Baadaye wakahamia Nairobi. Sisi tuliolelewa na benga ya Kijaluo huku ziwani tuliupokea Uswahili wao bila kamusi. Nakiri kwamba maneno kadhaa ninayofundisha leo niliyasikia kwanza kwao, wala si kitabuni.

Mwaka 1978 bendi ikapasuka. Aliondoka Omar Shabani, yule "Profesa" wa gitaa la rithimu, pamoja na Tom Malanga wa gitaa la besi na Rashid Juma, mpiga ngoma. Wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akajiunga nao kwa sauti na gitaa. Issa Juma, mwenye sauti nzito, naye alikuwa nao kabla ya kuanzisha Super Wanyika yake mwanzoni mwa miaka ya themanini. Hata George alimwacha nduguye kwa muda, akaunda Orchestra Jobiso, kisha akarejea.

Wapo wanaoita kuondoka huko usaliti. Mimi sikubali. Simba Wanyika haikufa kwa pigo lile. Ilijaza nafasi zilizoachwa ikaendelea kurekodi. Nao walioondoka wangalibaki, pengine "Sina Makosa" tusingaliusikia kamwe. Linaloniuma ni jambo jingine. Jina lile moja, lililogawanywa mara tatu, limewafunika wenyewe. Msikilizaji husema "Wanyika" akaridhika, kana kwamba gitaa lile lilijipiga lenyewe. George alifariki Desemba 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995. Shabani na Ngereza nao walituacha kabla ya karne kwisha. Nyimbo zao zingali zikipigwa katika kila harusi na matatu, na wachezaji hawajui wanamchezea nani.

Asubuhi yake niliyaandika majina hayo ubaoni, kila moja na chombo chake. Yule kijana aliyeshindwa katika ubishi aliinua mkono.

"Mwalimu, huyu wa ngoma ni Rashid nani?"

"Juma," nikamjibu. Akaliandika daftarini.