Sura ya 6: Doa Lililogeuka Jekundu

Sikukuu moja ya Idd, sahani ya biriani ilipinduka katikati ya sebule ya shangazi yangu. Mchuzi ukaingia zuliani, na yeye akakimbilia kipande cha sabuni ya mche. Aliposugua mara mbili tatu tu, lile doa la rangi ya dhahabu likageuka jekundu kama mate ya mla tambuu. "Mwanangu, nimeliua zulia," akaniambia, na mkono wake bado una povu.

Hakuwa ameliua. Rangi ya bizari ya manjano iliyokuwa kwenye mchuzi, inayoitwa kurkumini, hubadilika kufuatana na kinachoigusa: penye asidi hubaki na rangi yake, penye alkali huwa nyekundu ya hudhurungi. Sabuni ya mche ni alkali. Tulidondoshea siki, na mbele ya macho yetu wekundu ukarudi kuwa umanjano. Rangi ya awali ilirudi, ila doa lilikuwa bado palepale.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu watu wengi huuliza "dawa ya madoa" kana kwamba iko moja. Kabla hujashika chupa yoyote, jua kilichomwagika ni nini na zulia lako ni la uzi gani. Uzi hupimwa kwa urahisi. Nyofoa nyuzi mbili kutoka ukingo wa chini, zishike kwa koleo juu ya sahani, uziwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika vidoleni. Nyuzi za plastiki, ambazo ndizo za mazulia mengi ya bei nafuu, huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Sufu ni protini, kwa hiyo dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile wengi wanayoiita jiki, huila.

Sasa turudi kwenye biriani. Mchuzi una mafuta, na mafuta hutangulia kutolewa. Kwangua kilichobaki kwa kijiko, nyunyiza unga wa sembe, uache saa moja unyonye, kisha uukung'ute. Fuatisha tone la sabuni ya maji ya vyombo kwenye bakuli la maji baridi. Kurkumini haiyeyuki vizuri majini, lakini huyeyuka kwenye spiriti. Basi lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti kidogo, mbali na moto, ujaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana, ndipo ubonyeze. Kitambaa kitatoka na umanjano. Kinachosalia huvunjwa na jua. Zulia la shangazi lilikaa uani siku tatu, na ya nne sikuliona doa.

Nimesema bonyeza. Kusugua hulisambaza doa na kuzichakaza nyuzi. Anzia ukingoni uelekee katikati, ukigeuza kitambaa kila kinapochafuka. Maji nayo yawe machache. Ukilimwagia zulia ndoo nzima, uchafu huzama mgongoni, na linapokauka unyevu hupanda tena kwa nyuzi ukiubeba. Asubuhi doa limerudi. Sabuni isiyosuuzwa ina hila nyingine: hubaki ikinata na kukusanya vumbi.

Damu ioshwe kwa maji baridi tu, kwani joto huigandisha protini kama yai kikaangoni. Chai ya maziwa ina tanini, mafuta na protini kwa pamoja, kwa hiyo maji baridi kwanza, sabuni ya maji ifuate, na mwisho siki iliyozimuliwa kwa ajili ya ile hudhurungi ya majani. Mkojo wa mtoto uliokwisha kukauka hutoa amonia, na siki huituliza.

Wengi humwaga siki juu ya bekingi soda wakifurahia mchemko. Mchemko huo ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoroka. Asidi na alkali zimekwisha kumalizana, na unachobaki nacho ni karibu maji ya chumvi. Tumia moja, au nyingine. Lakini jiki usiichanganye kamwe na siki wala usiimwage juu ya mkojo: hutoka gesi zenye sumu zinazochoma mapafu, na chumba kilichofungwa huzidisha hatari.

Limebaki doa moja ambalo silitolei ahadi. Hina huishika sufu kwa njia ileile inayoishika kiganja cha bi harusi, kwa kuwa ngozi yetu ya juu na sufu vyote vina keratini. Ikidondoka, iinue mara moja kwa ubapa wa kisu, maana rangi yake huhitaji saa kadhaa kukolea. Ikiwa imekwisha kulala usiku kucha, chukua mkasi mdogo na kata ncha za manyoya yaliyokolea, kidogo kidogo. Rangi mara nyingi haijafika kwenye mizizi ya nyuzi.