Kazi ya kikundi ianze kwa kusikiliza

Mwanafunzi wa sekondari anapoeleza nyumbani kwamba kikundi chao kimepewa mradi, wazazi wengi tumezoea kumuuliza: "Mtatengeneza nini?" Swali hilo ni jema, ila limewahi mno. Ipo njia ya kazi iitwayo fikra ya usanifu, ambayo hutanguliza swali jingine: mwenye shida ni nani, na yeye mwenyewe anaionaje?

Hatua zake ni tano: kumsikiliza mwenye shida, kulibainisha tatizo, kubuni njia nyingi bila kuzibeza, kutengeneza mfano wa gharama ndogo, kisha kuujaribu na kuusahihisha.

Mwaka 2007, wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipewa mradi wa kubuni mashine ya bei nafuu ya kuwatunzia joto watoto njiti. Mmoja wao alisafiri hadi Nepal, akakuta mashine hizo zipo katika hospitali ya mjini, lakini hazina watoto. Watoto walikuwa wakifa vijijini kabla ya kufikishwa huko. Swali likabadilika, na jibu pia: wakabuni mfuko mdogo wa kumlaza mtoto, wenye kitu mfano wa nta kinachotunza joto kwa saa kadhaa bila umeme. Walipoujaribu India, walibaini kwamba mama akiambiwa apashe moto hadi nyuzi 37, angeweza kuishia 30 kwa kuhofia ukali wa tiba za kigeni. Wakaondoa namba, wakaweka alama ya kuonyesha tu kwamba joto limetosha.

Tuitazame Njombe yetu. Mkoa huu unavuna mahindi, viazi, maharage na parachichi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humu wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Kikundi kikipewa mada ya udumavu, wepesi wake ni kuchora bango la kuwahimiza kina mama wawape watoto mboga na matunda. Lakini je, mama hajui, au hana nafasi?

Kikundi kinachosikiliza kitauliza: mama huondoka saa ngapi? Nani hubaki na mtoto? Mchana anakula nini, na mara ngapi? Huenda mama wa shamba la viazi nje ya mji wa Njombe akatoa jibu moja, na mama anayeuza bidhaa Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, akatoa jingine. Wa kwanza pengine atafaa kupangiwa zamu na majirani ya kulisha watoto. Wa pili labda atahitaji chupa ya kutunzia uji moto pale pale kibandani. Kila wazo lijaribiwe kwa wiki moja katika nyumba moja, kisha mama aulizwe kilichomsumbua.

Kusikiliza nako kuna adabu. Vijana wapige hodi, watoe salamu, waombe ruhusa kwa wenye nyumba, na wasitaje darasani jina la familia wala siri waliyoiona. Ndani ya kikundi pia pawe na mashauriano ya kweli. Tusiridhike na mtindo wa mmoja kuandika na wengine kuongeza majina. Anayehoji, anayeandika, anayetengeneza na anayejaribu, wote wajulikane.

Basi mtoto akirudi na mradi, tumuulize: "Mmezungumza na nani?" Akijibu kwamba bado, tumsaidie kupata mtu wa kumsikiliza, awe bibi, jirani au mama wa sokoni. Kwa kufanya hivyo, inshaallah, kazi ya darasani itawafaa pia watoto wadogo wa mtaani kwetu.