Sindano ya Kichwa Iliyotugombanisha

Sio siri, tangu chupa ya chai immwagikie binti yetu kichwani, mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi kama wapangaji. Siku ile mimi nilikuwa ofisini Posta, yeye safarini, mtoto yuko na dada wa kazi. Alikuwa na miaka miwili. Alipona, ila juu ya sikio la kushoto likabaki kovu kubwa kama kiganja, haliotи nywele. Sasa ana minne, na wenzake shuleni wameanza kumuuliza.

Upasuaji ulikuwa wa awamu mbili. Kwanza aliwekewa puto la silikoni chini ya ngozi yenye nywele, likawa linajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kila wiki ili ngozi ivutike. Halafu puto litolewe, kovu likatwe, na ngozi ile ifunike pengo. Awamu ya kwanza, mwenzangu, sitaisahau. Alilia usiku kucha. Dawa ya jamii ya mofini ilimtapisha na kumwasha mwili, na kila akitapika kichwa kinazidi kumuuma.

Kwa hiyo safari ya pili niliuliza mapema: akiamka, maumivu mtayafanyaje? Daktari wa usingizi akasema mbali na nusu kaputi, atampiga ganzi ya mishipa ya fahamu ya kichwani. Mume wangu akainuka kitini. Nyumbani ndiyo akafunguka: "Wewe ndiye uliyemwacha na dada, leo unataka wamchome ubongo?"

Jamani. Nilikosa hata la kujibu.

Kesho yake nikampigia daktari, akatuita wote wawili. Akachora kichwa kwenye karatasi: mishipa sita kila upande, kuanzia juu ya nyusi, kupita mbele ya sikio, mpaka kisogoni. Sindano inaishia kwenye nyama, nje ya fuvu. Ubongo hauguswi. Tena anachomwa akiwa ameshalala. Dawa yenyewe, bupivakaini, inapimwa kwa uzito: isizidi miligramu 2.5 kwa kilo, yaani 40 kwa binti yetu wa kilo 16. Hakutuficha kitu. Ikizidi, au ikiingia kwenye damu, inaweza kuleta degedege na kuvuruga moyo, ndiyo maana anavuta bomba kwanza aone kama kuna damu, na mashine ya moyo inakuwa imeunganishwa muda wote. Kope nayo inaweza kulegea kwa saa chache.

Akatuambia pia kitu kilichonishtua: hadi miaka ya 1980 kuna vichanga waliopasuliwa huko Ulaya na Marekani karibu bila dawa ya maumivu, eti hawasikii. Mwaka 1987 Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwenye jarida la Lancet kuwa njiti waliopewa fentanili walihimili upasuaji vizuri zaidi.

Mume wangu akauliza moja tu: "Angekuwa wako, ungemchoma?"

"Ningemchoma."

Akasaini.

Alitoka na bandeji kama kilemba, kope moja imelala. Alipozinduka akaomba juisi ya embe. Ganzi ilipoanza kuisha usiku, parasetamo ilikuwa imeshatangulia. Akanung'unika kidogo, akalala.

Tukabaki wawili kwenye benchi la korido. "Ile chai," mume wangu akasema, "hata mimi ningekuwepo ingemwagika." Nikamsogelea.