Je, Kuchemsha Maji Kunatosha?

Tangu utotoni tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Tusiache, maana moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini ipo sumu ambayo moto hauiwezi, nayo ni arseniki. Ukichemsha, maji hupungua, sumu inabaki sufuriani.

Arseniki hutoka miambani, mara nyingi ile yenye dhahabu. Miamba yenye salfa ikivunjwa, ikapigwa na hewa na mvua, hutoa maji ya asidi yanayoyeyusha madini mengine. Mwezi Mei 2009 maji ya asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, Nyamongo, yakaingia mto Tigithe, ambao humwaga maji yake mto Mara. Basi, neno hili ni la watu wa Tarime na wa Serengeti pia.

Kwa macho huwezi kuitambua, wala kwa ulimi. Anayeinywa kwa miaka mingi hutokwa na madoa mwilini, ngozi ya viganja na nyayo huwa ngumu, na anaweza kupata saratani ya ngozi, mapafu au kibofu.

Ajabu ni kwamba kutu, ambayo sisi huichukia, huinasa arseniki. Nchini Nepal walitengeneza chujio la nyumbani: kilo 5 za misumari isiyopakwa zinki, juu yake vipande vya matofali, chini yake mchanga na kokoto. Huko Elizabeth City, Marekani, mwaka 1996 walichimba mtaro wa mita 46 wakaujaza chembechembe za chuma, ili maji ya ardhini yakipita humo yaiache sumu nyingine, kromiamu.

Lakini usikimbilie dukani kununua misumari! Hata Nepal machujio mengine yalibakiza sumu nyingi, kwa kuwa maji hayafanani. Kwanza kisima kipimwe. Kiasi kisizidi miligramu 0.01 kwa lita. Kamati ya maji ipeleke ombi RUWASA wilayani. Na mwenye chujio la namna hiyo asimwage tope lake bustanini wala karibu na kisima, maana sumu yote imo humo.

Wakati mnasubiri majibu, kingeni maji ya mvua kwenye bati safi, kwa ajili ya kunywa na kupikia. Hayo yachemsheni.